Unataka kuimba kama Bi Kidude? Iga pumzi, mkwaruzo uache

Waimbaji wengi chipukizi wakijaribu wimbo wa Bi Kidude huanza na kitu kimoja: kukwaruza koo. Sauti inatoka nzito, washkaji wanapiga makofi, halafu kesho yake asubuhi hata kuongea ni shida.

Shida ni kwamba wanaiga kisichoigika. Bi Kidude, jina lake halisi Fatuma binti Baraka, alikuwa bibi kizee alipopokea tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Alifariki Aprili 17, 2013, na hakuna aliyekuwa na uhakika wa umri wake. Ule mkwaruzo ulitokana na uzee, miaka mingi ya kazi na sigara, ambazo alivuta hadharani bila kujificha. Kijana wa miaka 20 hana njia ya mkato ya kuupata.

Alijifunzaje?

Kwa masikio. Hakusoma shule ya muziki. Akiwa mtoto Zanzibar alimsikiliza Siti binti Saad, nyota wa kwanza wa taarabu, aliyeimba kwa Kiswahili na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri.

Tafuta rekodi za wote wawili uzisikilize kwa zamu. Sauti ya Siti ni nyembamba na iko juu. Ya Bi Kidude inatoka kifuani. Yaani alichukua nyimbo za mwalimu wake, lakini hakuazima koo lake. Hapo ndipo wengi wanapokosea.

Sikiliza pia anavyomaliza maneno. Silabi nyingi za Kiswahili huishia na irabu, na irabu ndiyo sehemu ya neno inayoweza kuvutwa. Mwimbaji wa taarabu hulikalia lile "a" au "e" la mwisho, analipandisha, analishusha, ndipo analiachia. Ukiikata irabu mapema, madoido yote yamekwisha.

Nguvu inatoka wapi?

Mbali na taarabu, Bi Kidude alikuwa kungwi wa unyago na alipiga ngoma ya msondo huku anaimba. Kuimba juu ya mlio wa ngoma kunataka pumzi, na pumzi haitoki kooni. Chini ya mapafu kuna msuli mpana unaoitwa diaframu. Ukishuka, hewa inaingia na tumbo linatoka nje kidogo. Mabega yakipanda, ujue umevuta pumzi fupi.

Jaribu hivi: lala chali, weka kitabu tumboni. Vuta hewa mpaka kitabu kipande, kisha itoe taratibu kwa mlio wa "sss" bila kukatika. Wengi mara ya kwanza wanaishiwa haraka kuliko walivyotegemea. Rudia kila siku kabla ya kuimba, halafu pasha sauti kwa kuguna "mmm" kutoka chini kwenda juu. Nyimbo ngumu zije baadaye.

Koo likilazimishwa

Ndani ya koo kuna nyuzi mbili za sauti, ndogo sana. Ukiimba noti ya hezi 440, zinagongana mara 440 kila sekunde. Ukizibana ili zikwaruze, zinavimba, na zikizoea kuvimba zinaweza kuota vinundu au kuvuja damu.

Hata mastaa hawaponi. Mwaka 2011 Adele wa Uingereza alivuja damu kwenye uzi wa sauti, akaahirisha ziara yake Marekani na Novemba akafanyiwa upasuaji mjini Boston. Alirudi jukwaani kwenye Grammy, Februari 2012, akaondoka na tuzo 6. Yeye alikuwa na madaktari bingwa. Mwimbaji wa harusi za kila wikiendi hana.

Maji? Kunywa, lakini si dakika moja kabla ya kupanda jukwaani. Maji unayomeza hayagusi nyuzi za sauti, yanapita njia ya chakula. Yanasaidia pale mwili mzima unapokuwa na maji ya kutosha, kwa hiyo anza tangu asubuhi. Sauti ikikauka, nyamaza. Kunong'ona kwa nguvu si kupumzika, nako kunaweza kuzichosha nyuzi. Na ikikaa hivyo zaidi ya wiki 3, achana na tangawizi, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akachungulie.