Laurie Baker, msanifu aliyehesabu kuni ndani ya tofali

Vigae vyekundu vya Mangalore si vigeni kwa mtu aliyekulia Mombasa, Unguja au mitaa ya zamani ya Dar es Salaam. Vilianza kufyatuliwa kiwandani mwaka 1865, wamisionari wa Basel walipojenga kiwanda chao Mangalore, pwani ya magharibi ya India, na baadaye vikavuka bahari kuja kuezeka nyumba, shule na makanisa upande wetu. Huko kwao, ukiteremka kusini hadi jimbo la Kerala, vigae hivyo viliezeka nyumba za vizazi kadhaa. Kisha miaka ya 1970 ikaingia, vijana wa Kerala wakamiminika Kuwait, Dubai na Saudi Arabia kutafuta kazi, na fedha walizotuma nyumbani zikataka nyumba ya zege yenye paa bapa. Mapaa ya zamani yakashushwa, vigae vikarundikwa uani kama takataka.

Mjini Trivandrum, makao makuu ya Kerala, alikuwapo mtu aliyeona kazi nyingine ya vigae hivyo. Aliviingiza ndani ya zege lenyewe.

Sababu yake fundi yeyote anaweza kuifuata. Zege ni hodari likigandamizwa, lakini likivutwa hupasuka. Slabu ya paa inapoelemewa, upande wake wa juu hubanwa na upande wa chini huvutwa. Mvuto huo hubebwa na nondo. Zege la chini lipo kuzishika na kuzifunika tu. Laurie Baker aliona hapo pana saruji nyingi inayokaa bure. Kwenye nafasi zilizo katikati ya nondo akapanga vigae viwili viwili, kimoja juu ya kingine vikiacha hewa kati yao, ndipo akamwaga zege. Paa likawa jepesi, likala saruji kidogo na chuma kidogo, na hewa iliyofungiwa humo ikapunguza joto la jua kabla halijafika chini. Ukisimama ndani ya nyumba kama hizo na kuinua macho, utaviona vigae vimejipanga darini, vyekundu, havikufichwa kwa lipu wala rangi.

Jina la Laurie Baker halisikiki la Kihindi, na kwa kuzaliwa hakuwa Mhindi. Lawrence Wilfred Baker alizaliwa Birmingham, Uingereza, Machi 1917, akasomea usanifu wa majengo mji huohuo. Alikuwa wa Marafiki, yaani Wakweka, dhehebu ambalo wasomaji wa Vihiga na Kakamega wanalijua vizuri tangu misheni ya Kaimosi ilipoanzishwa mwaka 1902. Marafiki hawashiki silaha. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, Baker alijiunga na kikosi chao cha huduma ya wagonjwa, akapelekwa China, na huko akahudumia watu wenye ukoma. Afya yake ikadhoofika. Akiwa njiani kurudi kwao alikwama Bombay akisubiri meli, na ndipo alipokutana na Mahatma Gandhi.

Baker mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba kilichomvuta Gandhi kwanza ni viatu: alikuwa amevaa viatu alivyojishonea kwa vipande vya nguo kuukuu. Katika mazungumzo yao Gandhi alimwambia kwamba nyumba inayofaa katika kijiji cha India ni ile ambayo vifaa vyake vyote vinapatikana ndani ya maili 5 kutoka kiwanjani. Kwa kijana aliyetoka chuoni akiwa amejaa habari za chuma na vioo, hilo lilikuwa sharti zito. Mwaka 1945 alirejea India kufanya kazi na shirika la misheni lililohudumia wenye ukoma, na hakuondoka tena kurudi kuishi Ulaya.

Shule yake halisi ilikuwa milimani. Mwaka 1948 alimwoa Elizabeth Jacob, daktari kutoka Kerala, na wawili hao wakahamia Pithoragarh, kwenye vilima vya Himalaya karibu na mpaka wa Nepal. Walikaa huko takriban miaka 15. Mama Elizabeth alitibu wagonjwa, mumewe akajenga hospitali na shule kwa kile kilichokuwapo. Vitabu vyake vya Birmingham havikuwa na neno kuhusu kinyesi cha ng'ombe kama kifaa cha ujenzi, wala kuhusu mchwa, wala kuhusu mvua za monsuni zinazopiga ukuta kwa ubavu. Wanakijiji ndio waliokuwa na majibu. Waliijua miamba inayopasuka vipande bapa vya kuezekea, waliujua udongo usiopasuka ukikauka, na walijua mlango uelekee wapi ili upepo wa baridi usiingie. Baker alielewa kwamba nyumba zile zimepita katika majaribio ya mamia ya miaka, na kila kosa lilikwisha kulipiwa na mtu fulani zamani. Mimi naona hapo ndipo alipopevuka. Wasanifu wengi wa kigeni wa wakati ule walikwenda India kufundisha. Huyu alikubali kufundishwa na waashi wasiojua kusoma.

Mwaka 1963 familia ilihamia Kerala, kwanza Vagamon milimani, na mwishoni mwa muongo huo ikashuka Trivandrum. Huko ndiko jina lake lilikokua, na kazi iliyolikuza zaidi ni kampasi ya Kituo cha Masomo ya Maendeleo, iliyoanza kujengwa Ulloor, mjini humo, mwaka 1971. Aliyeianzisha taasisi hiyo ni mchumi K. N. Raj, na aliyeiunga mkono kisiasa ni C. Achutha Menon, waziri mkuu wa jimbo, Mkomunisti. Mkomunisti akamwamini Mkweka, na serikali ya jimbo maskini ikapata chuo cha matofali wazi yasiyopigwa lipu, juu ya kilima, kwa gharama iliyowashangaza waliozoea makadirio ya wakandarasi.

Kampasi ile inastahili kutazamwa polepole. Baker hakuleta katapila kusawazisha kilima. Majengo yanafuata mteremko ulivyo, na panapokuwa na mti ukuta unapinda kuupisha. Kuta zenye mawimbi zilikuwa na kazi mbili: ukuta wa unene wa nusu tofali ukinyooka huhitaji nguzo za kuushikilia, lakini ukipindapinda hujisimamia wenyewe. Hivyo uamuzi wa kuuacha mti na uamuzi wa kupunguza matofali ulikuwa uamuzi mmoja.

Kisha kuna jali, kuta za matundu ambazo majumba ya kale ya India yalichongewa kwa mawe. Baker alizifanya kwa tofali la kawaida, kwa kuacha tu nafasi baina ya tofali na tofali. Dirisha linataka fremu ya mbao, kioo, bawaba na nondo za kuzuia mwizi. Jali haitaki hata kimoja kati ya hivyo, na inaleta mwanga uliokwisha kupunguzwa ukali. Pale Ulloor alisimamisha ukuta mrefu wa matundu karibu na bwawa, na tofauti ya mgandamizo wa hewa ikawa inavuta upepo uliopoa juu ya maji na kuupitisha ndani ya jengo. Hakuna injini, hakuna bili ya umeme. Jengo la kompyuta lilipokuja baadaye, akalipa ngozi mbili: nje ukuta wa jali uliopinda, ndani ukuta mwingine uliotimiza masharti ya vyumba vya kompyuta.

Ukuta wenyewe aliujenga kwa namna iitwayo mtego wa panya. Kwa kawaida tofali hulazwa kwa tumbo. Katika mjengo huu husimamishwa kwa ubavu. Chukua tofali la inchi 9 kwa 4.5 kwa 3: safu moja inasimama upande wa nje, inchi 3, safu ya pili upande wa ndani, inchi 3, katikati inabaki nafasi ya inchi 3, na kila baada ya hatua tofali moja linakatiza kuzifunga pande mbili. Unene wote ni inchi 9 zilezile za ukuta wa kawaida, lakini matofali yanapungua kwa takriban robo. Ile nafasi tupu ya katikati inazuia joto mchana. Fundi anahitaji jicho zuri na uvumilivu, kwa sababu ukuta usiopigwa lipu hauna pa kuficha uzembe.

Baker hakuwa na ofisi ya kueleweka. Alichora nyuma ya bahasha zilizokwisha kutumika, akashinda kiwanjani na waashi, akibadilisha mambo pale pale kadiri mwamba au mti ulivyomwelekeza. Chokaa alipenda ile ya makombe ya baharini na ya maziwa ya pwani, ndugu wa chokaa ya matumbawe iliyojenga Lamu. Nyumba yake mwenyewe, aliyoiita The Hamlet, aliijenga taratibu juu ya jabali huko Nalanchira, na humo alitia vipande vya chupa ukutani vipitishe mwanga wa rangi. Karibu na stesheni ya reli ya Trivandrum alijenga mkahawa wa Indian Coffee House: mnara mwekundu wa duara ambao ndani yake sakafu inapanda kwa kuzunguka, meza na viti vya kujengwa vikifuata ukuta, matundu yakiingiza upepo kila upande. Abiria wa basi hunywa kahawa humo hadi leo.

Gazeti likiandika kuhusu Baker humwita msanifu wa nyumba za maskini, na sifa hiyo inampunguza. Aliwajengea wavuvi, kweli, lakini aliwajengea pia maprofesa na maaskofu, kwa kanuni zilezile, na alipinga vikali mawazo kwamba maskini wawe na kiwango chao na matajiri chao. Swali lake lilikuwa moja kwa kila mteja: hiki ni cha lazima? Saruji na chuma hutoka kwenye matanuri makubwa yanayokula makaa na mafuta. Tajiri anayemwaga zege asilolihitaji anachoma kitu cha watu wote. Ndiyo maana aliona afadhali fedha ya ujenzi iende kwenye mikono ya waashi na vibarua wa kijijini kuliko kwenye kiwanda cha mbali. Mwaka 1985 yeye, Achutha Menon, Raj na mwenzao T. R. Chandradutt walianzisha shirika la COSTFORD ili mbinu hizo zisiwe za mtu mmoja.

Upinzani haukukosekana. Wahandisi walitilia shaka uimara wa slabu zenye vigae, na majirani waliona tofali lisilopigwa lipu ni nyumba iliyoishiwa fedha. Mvua ya upepo ikipiga, jali hupitisha manyunyu. Na uchumi wenyewe ulimgeukia: ujira wa waashi Kerala ulipanda sana kutokana na fedha za Ghuba, ikawa mbinu zinazotaka mikono mingi hazina tena unafuu uleule. Barabara za jimbo zikajaa majumba ya marumaru na vioo yanayopozwa kwa viyoyozi, katika nchi ambayo upepo wa bahari ni wa bure. Inaumiza kulitazama jambo hilo, na anayejenga leo Mikocheni au Nyali anaweza kujitazama pia.

Serikali ya India ilimpa uraia mwaka 1989, na mwaka uliofuata nishani ya Padma Shri. Lakini katika miaka hiyohiyo mzee alikuwa ameanza kulihoji hata tofali lililompa jina. Matofali ya Kerala yalichomwa kwa kuni, na kuni zilikuwa misitu. Hesabu aliyoifanyia saruji maisha yake yote akaifanyia sasa tofali jekundu, akaona deni. Akarudi kwenye udongo mbichi, ule wa Pithoragarh. Aliandika vijitabu vyenye michoro yake ya mkono, kimoja chake kikiwa kinahusu udongo peke yake, akieleza namna ya kuupima kiganjani, kuukanda, kuupandisha ukuta, kuuinua juu ya msingi wa mawe usinyonye maji, na kuufunika kwa paa lenye kingo pana. Aliandika kwa lugha ambayo mwenye nyumba angeielewa bila kumlipa msanifu.

Alifariki Trivandrum tarehe 1 Aprili 2007, akiwa na miaka 90. COSTFORD inaendelea kujenga, na huko Vilappilsala, nje kidogo ya mji, kipo kituo chenye jina lake ambako waashi, wanafunzi wa usanifu na watu wanaotaka kujijengea hujifunza kazi kwa kutia mikono yao kwenye udongo.