Namba nasibu kwenye vifaa vidogo vya mtandao

Kuna programu iitwayo lwIP, iliyoanzishwa na Adam Dunkels alipokuwa katika Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta ya Sweden, ambayo kazi yake ni kukiwezesha kifaa kidogo kuzungumza kwa itifaki za intaneti. Inatosheka na makumi ya kilobaiti za kumbukumbu, na programu yenyewe ina ukubwa wa kama kilobaiti 40. Kompyuta zinazoihitaji, zile zinazofungwa ndani ya mita, kamera au pampu, ndizo tunazoziita kompyuta pachikwa. Ndani ya lwIP mna jina moja, LWIP_RAND, ambalo waandishi wake wamemwachia fundi anayeihamishia programu kwenye chipu yake. Wanamwambia: hapa weka njia yako ya kupata namba nasibu. Usalama wa kifaa kizima unaweza kuponzwa na atakachokiandika hapo, na wengi hukiandika bila kujiuliza namba nasibu ni nini hasa.

Neno nasibu limetoka kwenye Kiarabu, ambako maana yake ni fungu la mtu, sehemu aliyoandikiwa. Kiswahili kimelipeleka upande wa tukio lisilopangwa na mtu: tunasema jambo limetokea kwa nasibu, tunacheza bahati nasibu, na watafiti wetu huchukua sampuli nasibu. Matumizi hayo ya mwisho ndiyo yanayolifaa zaidi somo hili, kwa sababu mtafiti akisema nasibu anataja kanuni kali: kila mmoja katika kundi awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Ndiyo maana siwezi kukubali namba holela. Ujenzi holela ni ujenzi usio na mpango. Namba nasibu zina sharti, na sharti hilo hupimwa. Namba za kubahatisha nazo zinapotosha, maana kwenye mtandao anayebahatisha ni mshambuliaji, si kifaa.

Istilahi tunayo, basi. Ugumu unaanza pale inapobeba kazi mbili ambazo hazifanani.

Kazi ya kwanza ni kutawanya. Umeme ukirudi katika jengo lenye vifaa mia, vyote huwaka pamoja, na vyote huomba anwani kwa seva ileile kwa wakati mmoja. Kwa hiyo itifaki ya kugawa anwani, DHCP, inakishauri kila kifaa kisubiri muda nasibu kati ya sekunde 1 na 10 kabla ya kuomba. Hapa hakuna siri yoyote. Hata kifaa kinachojichagulia anwani ya 169.254 kwa kukosa seva kinashauriwa kuanza hesabu yake kwa namba ya kadi yake ya mtandao, namba ambayo kila jirani katika mtandao huo anaiona. Inatosha, kwa kuwa lengo ni vifaa visigongane.

Kazi ya pili ni kuficha. Kifaa kinapoiuliza seva ya DNS anwani ya jina fulani, huambatanisha swali na kitambulisho chenye uwezekano wa 65,536 tu, na jibu la kwanza lenye kitambulisho hicho, likifika kwenye poti iliyouliza, ndilo linaloaminiwa. Anayekijua kitambulisho mapema anaweza kutanguliza jibu la uongo. Mwaka 2008 Dan Kaminsky alionyesha jinsi mshambuliaji anavyoweza kurudia jaribio hilo upesi mno hata 65,536 isiwe kinga tena, na tangu hapo poti ya kutokea nayo huchaguliwa kwa nasibu ili uwezekano upande hadi mabilioni. Namba ya mfuatano inayofungua muunganisho wa TCP ina historia ndefu zaidi. Robert Morris alieleza mwaka 1985 kwamba ikitabirika mtu anaweza kujifanya kompyuta nyingine. Shambulio dhidi ya kompyuta za Tsutomu Shimomura, mtaalamu wa usalama wa kompyuta, tarehe 25 Desemba 1994, lilitumia udhaifu huohuo. Na mwaka 1996 Steven Bellovin akachapisha njia ya kuuziba. Hata hivyo watafiti wa kampuni ya Forescout walipochunguza programu 11 za mtandao za vifaa vidogo, katika ripoti waliyoitoa mwaka 2021, walikuta 9 bado zinaitunga namba hiyo kwa namna dhaifu. Lilikuwa tatizo lililokwisha kuelezwa miaka zaidi ya thelathini nyuma.

Kwa nini linarudi? Mfano ulio kwenye maelezo ya lwIP yenyewe unaijaza nafasi ya LWIP_RAND kwa rand(), kitendakazi cha kawaida cha lugha ya C, na fundi mwenye haraka huunakili. Kanuni za C zinasema kwamba rand() isipopewa mbegu, ihesabiwe kuwa imepewa 1. Mbegu ni jina zuri sana la kitu hiki: mbegu ileile huotesha mmea uleule. Ukichukua mfano wa rand() uliomo ndani ya kanuni hizo, mbegu 1 hutoa 16838, kisha 5758, kisha 10113, na vivyo hivyo kila kifaa kinapowashwa, Dodoma au Stockholm, leo au mwakani. Tena kanuni zinaahidi kwamba kiwango cha juu hakitapungua 32767, hazikuahidi zaidi ya hapo. Kwa hiyo namba inayotangazwa kuwa ya biti 32 inaweza kuwa na biti 15 tu zenye kubadilika. Mfuatano huo unaweza kufaulu majaribio mengi ya takwimu. Kwa kutawanya hauna kasoro kubwa ila moja: vifaa vyote vitasubiri muda uleule. Kwa kuficha haufai hata kidogo.

Wengine huzitaja namba zinazotokana na hesabu kuwa nasibu bandia. Nadhani neno hilo linamtisha msomaji mahali pasipostahili. Meno ya bandia hutafuna, lakini noti bandia ni uhalifu, na msomaji atafikiria noti. Ukweli ni kwamba funguo nyingi za siri duniani hutungwa na hesabu, na hesabu hiyo ikiwa imara na mbegu ikiwa siri, hakuna ubaya. Ningependelea nasibu ya hesabu kwa hizo, na nasibu asilia kwa ile inayochotwa kwenye vurugu za maumbile, kama kelele za umeme ndani ya chipu. Pale ambapo siri inatakiwa, tuongeze neno moja bila kuona uvivu: namba nasibu isiyotabirika. Mhandisi akisoma hivyo kwenye maagizo ya kazi, hatanakili rand().

Madhara ya mbegu duni yalionekana wazi mwaka 2012. Nadia Heninger, Zakir Durumeric, Eric Wustrow na Alex Halderman walikusanya funguo za umma kutoka kwenye intaneti nzima. Ufunguo wa umma wa aina ya RSA ni zao la namba tasa mbili kubwa. Ruta nyingi na vifaa vya namna hiyo vilitunga ufunguo vilipowashwa mara ya kwanza, kabla ya kukusanya nasibu yoyote, kwa hiyo vikapata namba tasa ya kwanza ileile. Tukio dogo likapita katikati, na ya pili ikatofautiana. Funguo mbili za aina hiyo hufunguka kwa kutafuta kigawo kikubwa cha shirika, hesabu tunayofundishwa shule ya msingi. Watafiti hao walipata funguo za siri za RSA za asilimia 0.50 ya seva za TLS, itifaki ya kuficha mawasiliano, walizozifikia, bila kuvunja mlango wowote.

Mbegu njema hupatikana. Chipu nyingi za sasa zina saketi ya nasibu asilia, ingawa kila moja ina masharti yake: ile ya ESP32, kwa maelezo ya watengenezaji wake, huhesabiwa kuwa asilia pale redio ya Wi-Fi au Bluetooth, au chanzo kingine cha kelele, kinapokuwa kimewashwa. Programu ikitunga ufunguo kabla ya kuwasha redio au chanzo hicho, imerudi kwenye hesabu tupu. Chipu isiyo na saketi hiyo inaweza kuwekewa mbegu ya kipekee kiwandani na kuitunza kwenye kumbukumbu ya kudumu, na hapo mpangilio wa hatua ndio kazi yote. Kifaa kikiwaka, kisome mbegu, kitunge mbegu mpya, kiiandike mahali pa ile ya zamani, ndipo kitoe namba ya kwanza. Kikitoa namba kabla ya kuandika, umeme ukakatika katikati, kitawaka tena na mbegu iliyokwisha kutumika na kurudia namba ambazo mtandao umekwisha kuziona.