Clifford Estates: mji uliojengwa na kampuni

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou, China, kufunga mzigo huujua vizuri mtaa wa Xiaobei, na hoteli zake na mawakala wa makontena. Ni wachache wanaofika wilaya ya Panyu, kusini mwa jiji, kuiona Clifford Estates, makazi yaliyoanza kujengwa na kampuni binafsi mwaka 1991. Eneo lake ni takriban kilomita tano za mraba, na ndani mna ziwa, maduka, shule na hospitali.

Kizazi kimoja tu kabla ya hapo, mfanyakazi wa mjini China hakuwa na habari ya kununua nyumba. Alipangiwa chumba na danwei, yaani kiwanda, chuo au ofisi iliyomwajiri. Kodi ilikuwa ndogo mno, lakini nafasi ilibana, foleni ya kupata chumba kikubwa zaidi ilichukua miaka, na mara nyingi familia kadhaa zilipikia jiko moja. Danwei kubwa ilikuwa pia na chekechea, zahanati na bwalo la chakula. Mtu alizaliwa, akasoma, akatibiwa na kustaafu chini ya mwajiri mmoja.

Mabadiliko yalianzia mji wa Shenzhen, jirani na Hong Kong. Mwaka 1980 mamlaka za huko ziliingia ubia na mwekezaji wa Hong Kong kujenga makazi ya Donghu Liyuan, na fleti zake 108 za mwanzo ziliuzwa zikiwa bado kwenye ramani. Tarehe 1 Desemba 1987 mji huohuo ulipiga mnada haki ya kutumia kiwanja, na mwaka uliofuata Katiba ilirekebishwa ili kuruhusu haki hiyo kuhamishwa. Ardhi ya mjini ilibaki mali ya taifa. Mwenye nyumba hupewa haki ya kuitumia kwa miaka 70.

Clifford ilizaliwa katika hali hiyo. Panyu ya wakati huo ilikuwa mashamba na mabwawa ya samaki, na wengi wa wateja wa mwanzo walitoka Hong Kong, ambako nyumba zilikuwa ghali kupita kiasi. Nani angehamia mashambani bila usafiri wala daktari? Kampuni ikaweka mabasi yake, ikafungua shule, na baadaye hospitali ambayo mwaka 2003 ilikuwa ya kwanza China bara kupata ithibati ya kimataifa ya JCI, shirika linalokagua ubora wa hospitali. Katika eneo jirani la Shunde, kampuni ya Country Garden ilikwama na nyumba zisizouzika, hadi ilipofungua shule ya watoto wa matajiri mwaka 1994. Wazazi walifuata shule, na nyumba zikapata wanunuzi.

Mwaka 1998 serikali ilisitisha ugawaji wa nyumba kupitia waajiri. Kuanzia hapo, makazi ya namna hii yakawa maisha ya kawaida ya tabaka la kati.

Ukiingia jioni, mlinzi yuko getini na wakazi wanapitisha kadi zao. Ndani, mabibi wamepanga safu uwanjani wakicheza muziki wa spika, huku wajukuu wakizunguka na baiskeli ndogo. Wazee wengi wameletwa na watoto wao kutoka mikoa ya mbali ili walee wajukuu. Usafi, ulinzi na bustani hulipiwa ada kila mwezi, kwa kadiri ya ukubwa wa nyumba.

Mfumo huu wa makazi kujengwa na kampuni ulikuwa na udhaifu wake. Kampuni nyingi ziliuza nyumba kabla ya kuzijenga, kisha zikakopa ili kununua viwanja vingine. Serikali ilipobana mikopo yao mwaka 2020, kampuni ya Evergrande ilishindwa kulipa madeni mwaka 2021, na Country Garden mwaka 2023. Katika kiangazi cha 2022, wanunuzi katika miji mingi walitangaza kwamba hawatalipa mikopo ya benki kwa nyumba ambazo ujenzi wake umesimama.

Aliyeachana na danwei alipata chumba kipana, jiko lake mwenyewe na uhuru wa kuchagua pa kuishi. Lakini usalama wa makao yake ulihama kutoka kwa mwajiri kwenda kwenye vitabu vya hesabu vya kampuni. Nchi yoyote inayoiachia kampuni ijenge mji inapaswa kulinda kwanza fedha ya mnunuzi, isitumike kwingine mpaka nyumba yake imekamilika.