Siku moja ya konje kwa ajili ya wazee

Kwetu tunasema mzee anatunzwa na watoto wake. Sawa. Lakini akilala ku kitanda miaka 5, nani anaacha kazi yake? Kila mara njo binti ao mukwe, na hakuna anayehesabu.

Ujerumani walibishana juu ya ile swali karibu miaka 20. Bima ya magonjwa ilikuwa inalipa munganga na dawa, si mutu wa kumuogesha mzee na kumulisha. Mzee akiingia ku nyumba ya wazee, pensheni haitoshi, akiba inaisha, anabaki kuomba musaada wa maskini. Na alitumika maisha yote!

Tarehe 1/1/1995, Norbert Blüm akiwa waziri wa kazi, bima ya utunzaji ikaanza. Walikata asilimia 1 ya mushahara, nusu mutumishi, nusu patro. Mapatro wakalalamika. Basi karibu majimbo yote yakafuta sikukuu moja, siku ya toba ya Waprotestanti, watu watumike siku ile. Sachsen peke yake ilikataa. Mpaka leo watumishi wa kule wanalipa kupita mapatro wao.

Bima hailipi yote. Lakini familia inaweza kuchagua: watunzaji waje ku nyumba, ao pesa kwa ndugu anayetunza.

Mie ni mutu wa kilimo: gala inajazwa wakati wa mavuno, si wakati wa njaa. Siye tulio na nguvu leo, tuko tayari kutoa siku gani?