Kushindilia Risasi: Bunduki za Mdomoni katika Pwani ya Ujiji na Ilagala

Watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuweka kituo Ujiji kabla Burton na Speke hawajalifikia Ziwa Tanganyika mwaka 1858. Misafara yao ilichukua nguo, shanga na bunduki, na bunduki hizo zilijazwa mdomoni. Lugha ya Kiswahili imeyahifadhi majina yake kwa namna moto ulivyowashwa: ya mrao, ya gumegume, na baadaye ya fataki. Lakini zote zilikuwa na kazi moja, nayo ni kushindilia.

Baruti ilimiminwa kwanza, kisha risasi na kitambaa cha kuizuia, na vyote viliteremshwa kwa mdeki. Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Risasi iliyosimama katikati ya mtutu, ikaacha nafasi juu ya baruti, yaweza kuupasua mtutu usoni pa mpigaji mwenyewe. Mara nyingi sababu ilikuwa masizi ya baruti ya mapigo yaliyotangulia. Dawa yake ni kuuosha mtutu kwa maji ya moto na kuukausha sana. Risasi iliyolegea nayo hutembea mbele mtu akiinamisha bunduki njiani, kwa hiyo kitambaa cha juu hakikuwa pambo. Dawa bora kuliko zote ni alama iliyochongwa kwenye mdeki: alama ikibaki juu ya mdomo, ama risasi haijakaa, ama bunduki imeshindiliwa mara mbili. Ni jambo dogo, lakini limeokoa macho na vidole vingi.

Ulaya, wakati huo, risasi zilikuwa zikikazwa kwa mashine ndani ya ganda la shaba. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha hizo mpya zisiingie kwa wenyeji baina ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya Ikweta, lakini uliacha mlango kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Nia iliyotajwa ilikuwa kuukomesha utumwa, na kweli biashara hiyo ilitegemea bunduki. Hata hivyo dola zilizotia sahihi zilijiwekea silaha zilizo bora. Hivyo mwindaji wa bonde la Malagarasi, kutoka Uvinza hata Ilagala karibu na mlango wa mto, aliachiwa gobori, na usalama wake ukabaki katika mkono wake na mdeki.