Jaws Corner: Mkahawa Usio na Mlango

Mgeni akipotea Mji Mkongwe wa Zanzibar, na kila mgeni hupotea, ana bahati kubwa ya kuibukia Jaws Corner. Vichochoro vya mtaa wa Sokomuhogo hukutana hapo vikaacha kijiwanja kidogo, kilichozungukwa na nyumba kongwe na baraza za mawe zilizoota kwenye kuta zake. Muuza kahawa ana dele lake juu ya makaa, ndoo ya maji ya kusuuzia finjani, na sahani ya kashata. Mlango hakuna, paa hakuna. Hata hivyo ukiwauliza watu wa Unguja mkahawa wa mtaa ni upi, wengi watakuelekeza hapo.

Jina lake huwashangaza watu, maana kisiwa hiki hakina upungufu wa majina. Inasimuliwa kuwa zamani televisheni ilikuwa ikiwekwa hapo watu wa mtaa wakaizunguka, na filamu ya Jaws ya Steven Spielberg, ya mwaka 1975, ikawakamata hasa. Simulizi hiyo ina mantiki. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwaka 1973, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994 kupata kituo chake cha kwanza. Televisheni moja ilikuwa ya mtaa mzima, na baraza ndizo zilizokuwa viti.

Papa wa filamu ile hula watu. Papa wa Unguja ndiye anayeliwa: hutiwa chumvi, akaanikwa, akaungwa kwa nazi pamoja na muhogo. Basi kumtundika papa wa Marekani katikati ya Sokomuhogo ni utani wenyewe, hata kama aliyelitoa jina hilo hakukusudia. Tena filamu ile ina meya anayegoma kufunga ufukwe asije akapoteza biashara ya wageni, huku samaki anaendelea kumaliza watu. Kwa kijiwe kilichokuja kusifika kwa kuwasema wakubwa, jina halikukosea njia.

Kahawa yenyewe ni tungu, haina maziwa wala sukari. Wengine huitia tangawizi, wengine iliki. Utamu unatoka kwenye kashata, unaing'ata kidogo, unapiga funda, unaendelea na hoja yako. Finjani ni ndogo kwa makusudi. Ingekuwa kubwa ungekunywa ukashiba ukaondoka. Hii inakwisha mapema, na ile ya pili inakukuta bado hujamjibu mwenzako. Ajabu ni kwamba kisiwa kilichojengwa kwa karafuu kinywaji chake cha barazani hakikuota kwake. Mazoea ya kahawa yalikuja na watu wa Yemeni na Omani, na buni ya Tanzania inalimwa Bara, katika mikoa kama Kagera na Kilimanjaro.

Kiswahili hakikutenganisha kiti cha jiwe na kikao cha watu: vyote ni baraza. Kilipoundwa chombo cha kutunga sheria mwaka 1980 nacho kikaitwa Baraza la Wawakilishi. Wawakilishi wana kwao, na wanaowakilishwa wanakaa Sokomuhogo, ambako hakuna spika wa kumzima mtu kauli.

Siasa za vibarazani Zanzibar hazikuanza jana. Katika zile zama za siasa, tangu uchaguzi wa 1957 hadi mapinduzi ya Januari 1964, watu walifika hadi kususiana maduka na mazishi, sembuse kahawa. Kisha kwa miaka 28 chama kikawa kimoja na barazani watu wakajifunza kunong'ona. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 sauti zikapanda tena, na kila upande ukawa na maskani yake: CCM ilitamba na Kisonge, kule Michenzani, Jaws Corner ikajulikana kuwa ya CUF. Mwaka 1995 Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad wa CUF. Pengo hilo dogo lilitosha kuwakesheza watu juu ya mahesabu kwa miaka, na finjani nyingi zikapoa mkononi. Maridhiano ya vyama hivyo viwili ya 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010 yalileta serikali ya umoja wa kitaifa, na kwa kitambo mazungumzo yakarudi kwenye mpira, karata na bei ya samaki.

Nisiipambe Jaws Corner kupita kiasi. Baraza hii ni ya wanaume. Wanawake hupita wakiwa na vikapu na watoto, wakisalimia bila kusimama. Nusu ya mtaa haina nafasi katika kijiwe tunachokiita cha wote. Watalii nao wamegundua pembe hii, hasa baada ya Mji Mkongwe kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na wapo wanaopiga picha za wazee bila hata salamu.

Wewe ukifika, toa salamu kwanza, kisha kaa. Picha iache hadi finjani ya pili. Ukiulizwa wewe ni mtu wa wapi, jibu kwa urefu, maana hapo aliyeuliza ana muda wa kukusikiliza.