Neno Lisiloharibika Njiani

Wengi wetu katika jimbo la Butembo-Beni tunaikumbuka foni ya misioni: redio ya kusema na kusikia, iliyotumia betri ya gari, waya wake umetandwa kati ya mikaratusi miwili. Kila asubuhi, saa iliyowekwa, Padri au sista aliiwasha na kuita misioni moja moja: nani mgonjwa, dawa zimefika, barabara ya Beni yapitika au haipitiki. Simu za mkononi zilikuwa bado kufika kwetu.

Nilipokuwa mtoto niliona faida yake, na udhaifu wake pia. Mjomba wangu alikufa mbali. Habari ikaletwa kwa foni: maziko ni tarehe sita. Siku hiyo radi ilinguruma na sauti ikakatika-katika, na aliyepokea akasikia «tisa». Mama alipofika, kaburi lilikuwa na siku tatu. Hakuna aliyesema uongo. Neno ndilo lililoharibika njiani. Tangu hapo nimejiuliza: je, neno laweza kuvuka hewani likafika zima?

Wengine wamelitafuta jambo hilo kabla yetu. Mwaka 1844 Mmarekani Samuel Morse alituma maneno katika waya kwa nukta na vistari. Tarehe 12 Desemba 1901 Marconi, akiwa Newfoundland, alisema amesikia herufi moja tu, S, iliyotoka Uingereza bila waya. Mwaka 1931 yeye huyo alimjengea Papa Pius XI Redio Vatikano. Naye Mtakatifu Maksimiliano Kolbe wa Poland, aliyeuawa Auschwitz mwaka 1941, alikuwa na kituo chake kilichoitwa SP3RN. Leo wengi wenye redio za ridhaa, yaani wanaoitana hewani kwa kujifunza wala si kwa faida, wamhesabu kuwa msimamizi wao. Vituo vya namna hiyo katika Kongo yetu huitwa kwa majina yanayoanza na 9Q. Zamani za Wabeljiji yalianza na OQ.

Basi akatokea Joseph Taylor, mtaalamu wa nyota aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1993. Kazi yake ilikuwa kusikiliza mawimbi hafifu mno yatokayo kwenye nyota. Ujuzi ule akauleta katika redio, na mwaka 2017 yeye na Steven Franke walitoa namna iitwayo FT8.

Redio huunganishwa na kompyuta. Kila dakika hugawanywa mafungu manne ya sekunde 15. Fungu moja natuma, la pili nasikiliza, kama tunavyosali Zaburi kwa zamu, upande huu wa kanisa na upande ule. Kwa hiyo saa za wote wawili lazima zilingane. Hakuna maneno ya kinywa. Kompyuta hupiga sauti nane kama za filimbi, nazo zahitaji nafasi ndogo sana hewani, hata vituo makumi huenea mahali pa sauti ya mtu mmoja. Kwa nguvu ya wati chache tu mtu aweza kufika bara jingine, na mazungumzo mazima, yaani jina, mahali, kipimo cha usikivu na kuagana, huisha kwa dakika moja na nusu hivi.

Lakini lililonigusa ni hili. Ujumbe wenyewe ni alama 77. Juu yake huongezwa 14 za kuhakikisha na 83 za kusahihisha, jumla 174. Ni kama mkulima atiaye mbegu tatu katika shimo moja: moja ikioza, nyingine yaota. Na hesabu isipolingana, mashine hunyamaza. Ni afadhali kunyamaza kuliko kusema tisa badala ya sita.

Hata hivyo FT8 si ya kuandikia barua. Maneno ya hiari hayazidi herufi 13. Kwa barua kuna namna nyingine, kama PACTOR, iliyobuniwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1990: mashine inayopokea huomba sehemu iliyoharibika irudiwe mpaka iwe sawa. Tena anayetaka kutuma lazima kwanza apate ruhusa ya Serikali.

Je, haya yatuhusu? Mwisho wa Desemba 2018 intaneti ilifungwa Kongo nzima kwa siku karibu 20, na wakati huo Ebola ilikuwa ikiua Beni na Butembo. Ugonjwa ule ulipokwisha, Juni 2020, ulikuwa umewachukua watu 2,287. Uvumi nao ulizuia wagonjwa wengi kwenda kutibiwa mapema.

Basi hata asiye na redio ajifunze desturi hii: sema kwa kifupi, taja hesabu mara mbili, na aliyepokea arudie alichosikia kabla ya kwenda kuwaambia wengine. Kama mtu mmoja angerudia siku ile, «Je, umesema tisa?», mama angalimzika ndugu yake.